Maneno Yaliyobaki kwa Clell

Neno la kwanza alilolitamka Clell Slone baada ya kupigwa na kiharusi lilikuwa tusi. Muuguzi alikuwa akimgeuza kitandani ili abadilishe shuka, mkono wa kulia wa mzee ukining'inia kama si wake, naye akafumbua macho, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti safi kabisa, "Mavi!"

Muuguzi alicheka. "Afadhali huyu," alisema. "Wengine hurudi bila hata hilo."

Orlena hakucheka. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akitukana, hata siku jeki ilipoteleza karakanani ikamponda kidole. Clell alikuwa shemasi wa kanisa la Wabatisti la Lick Fork, na zaidi ya ushemasi, alikuwa mtu wa kuomba. Katika mabonde yale ya Kentucky, ukisema tu "yule anayejua kuomba," kila mtu alijua unamtaja nani. Aliitwa kuomba kwenye mazishi ya watu ambao hata hawakuwa wa kanisa lao. Akisimama, akafumba macho, akaanza, "Baba yetu mwingi wa neema," wanaume waliokuwa nje wakivuta sigara walizizima na kuvua kofia.

Mwanamke kijana aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa kusema tena alimketisha Orlena kwenye korido, akamweleza polepole. Ubongo wa Clell ulikuwa umeumia mahali panapotengeneza maneno. Anaelewa yote anayoambiwa, ila akitaka kusema, neno analolitaka haliji. Yanayokuja ni yale ambayo ulimi umeyazoea mno, yanayotoka bila kufikiriwa. Tusi, salamu, kuhesabu, wimbo wa utotoni.

"Na sala?" Orlena aliuliza.

"Ile aliyoirudia sana, huenda ikaja. Lakini mama, akiisema usije ukadhani amepona. Ni kama goti likigongwa, mguu unaruka wenyewe. Mwenye mguu hana habari."

Orlena aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na uhakika kama alichoambiwa kilikuwa habari njema au mbaya.

Walirudi nyumbani majani yakianza kuanguka. Binti yao, Tressa, alikuja kutoka Dayton, akakaa mpaka ruhusa yake kazini ilipokwisha, akaondoka akilia huku gari likirudi nyuma. Wakabaki wawili. Clell alikaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la sebuleni. Mbali na lile tusi alikuwa na maneno mawili, "siyo" na "haya," na yote mawili yalitumika kwa kila kitu. Akitaka miwani alisema "siyo." Akitaka maji alisema "siyo." Orlena alileta kitu kimoja baada ya kingine, blanketi, gazeti, dawa, huku mzee akikaza macho na kupiga mkono wa kiti, mpaka lile tusi lilipotoka na wote wawili wakatazama pembeni kwa aibu.

Mchungaji Kendall alifika na mkewe, wakiwa na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini. Alikuwa kijana bado, mwenye sauti kubwa kuliko sebule.

"Ndugu Clell, Jumapili tunakutaka mbele! Tutakupaka mafuta, tutakuwekea mikono. Kanisa zima limefunga kwa ajili yako."

"Siyo," alisema Clell. Aliushika mkono wa mkewe kwa ule mkono wake mzima, akaubana. "Siyo, siyo."

Mchungaji alicheka. "Unasikia? Huyo ni Ibilisi anayesema siyo."

"Ni yeye anayesema," alisema Orlena. "Hataki. Mchungaji, kule hospitali waliniambia anaweza kusema sala yake kama kasuku tu, na isiwe ni..."

"Dada Orlena." Mchungaji aliweka mkono begani kwake. "Daktari ana lake na Mungu ana lake. Usimzuie Roho."

Orlena angeweza kukataa. Lakini watu walikuwa wamefunga. Walikuwa wamemkatia kuni na kumwekea mteremko wa mbao wa kupandishia kiti. Mtu anayebebwa hana nguvu ya kuchagua njia. Alisema, "Basi tutakuja."

*

Alimvalisha suti nyeusi, ile ya kwendea mazishini. Mashemasi wawili walikibeba kiti kwenye ngazi za kanisa, mmoja wao akiwa Burl Hensley, rafiki yake tangu utoto.

"Kumbe u mzito hivi, Clell!" Burl alisema akihema. "Mkate wa mahindi wa Orlena huu tunaoubeba!" Watu walicheka kwa upole. Clell alitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado yake.

Wakampaka mafuta kwenye paji la uso. Wakamzunguka, mikono kichwani, mabegani, mgongoni, mpaka Orlena aliyekuwa benchi la mbele hakumwona tena ila viatu. Wakaomba wote kwa pamoja kwa sauti, na juu ya sauti zote ilikuwa ya mchungaji, "Fungua kinywa chako, Ndugu Clell! Kifungue!"

Na kikafunguka.

"Baba yetu mwingi wa neema, tumekuja tena mbele zako, tumeinamisha vichwa vyetu na mioyo yetu, tukikushukuru kwa kutuamsha salama, na akili zetu timamu..."

Ilikuwa sauti yake ileile, nzito, yenye kupanda na kushuka. Kanisa lililipuka. Mwanamke mmoja alikimbia kati ya mabenchi huku ameinua mikono. Burl alilia kama mtoto. Simu zilitolewa mifukoni. Waliomzunguka walirudi nyuma ili wamwone, na ndipo Orlena naye alipouona uso wa mumewe. Kinywa kilikuwa kikisema. Macho yalikuwa ya mtu anayeburutwa na farasi.

Sala ilifika kwenye "uwakumbuke wagonjwa walio majumbani," ikarudi mwanzo. "Baba yetu mwingi wa neema..." Ikazunguka, ikarudi tena. Hakuweza kuisimamisha.

"Inatosha, ndugu, inatosha!" mchungaji alisema akicheka kwa machozi. "Sasa tuambie. Tuambie Bwana amekutendea nini!"

Clell alifunga kinywa. Kanisa likanyamaza kumngoja. Alikuwa na la kusema, kila mtu aliona. Alilitafuta, uso ukamwiva, mate yakamtoka upande wa kulia yakadondokea tai. Aliinua mkono wake mzima, akauelekeza kwa mchungaji, kisha kwake mwenyewe.

"Mavi," alisema.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Mavi! Mavi!"

Mtoto mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Burl aliondoa mkono wake begani mwa Clell, taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwenye jiko. "Tusimame tuimbe," alisema mchungaji.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula ukumbini, kila nyumba imeleta sufuria yake. Orlena alimsukuma mumewe hadi meza ya pembeni. Watu walipita, wakasema "Mungu awabariki," wakaenda kukaa meza nyingine. Wilma, mke wa Burl, ndiye pekee aliyewaletea sahani.

"Anaweza kutafuna?" alimwuliza Orlena, kama vile Clell hakuwapo.

"Anaweza. Na anasikia."

Wilma aliinama karibu na sikio la Orlena. "Usinielewe vibaya, mwaya. Lakini kabla ya kuugua... nyumbani, alikuwa na ulimi huo?"

Clell alikuwa akishika uma kwa mkono wa kushoto. Aliuweka mezani, na hakuugusa tena.

*

Kufika jioni video ilikuwa imesambaa. Aliyeikata aliikata mahali pazuri, palepale kwenye "inatosha, ndugu," mchungaji akicheka, watu wakilia. Tressa alipiga simu kutoka Dayton akikwama maneno kwa furaha.

"Mama! Baba anaongea! Mbona hukuniambia? Mpe simu, mpe!"

"Haongei, mwanangu."

"Nimemwona kwa macho yangu."

Ilibidi Orlena amweleze. Aliposikia tusi, Tressa alisema, "Basi wangeiacha video yote, wasiikate," na sauti yake ilikuwa imezeeka.

Watu wasiowajua walianza kupiga. Orlena aliwaambia wote mzee amelala. Lakini mmoja, mwanamke wa Tennessee, hakukubali. Mtoto wake alikuwa na uvimbe kichwani. Alilia, akasihi, sauti ikitoka kwenye simu mpaka katikati ya sebule, na Clell akaisikia. Alinyoosha mkono.

"Usijitese," Orlena alimwambia.

"Haya," alisema Clell. Mkono haukushuka. Orlena alimpa simu.

Clell alisikiliza. Uso wake ulilegea kwa huruma, na Orlena aliona kwamba kuna kitu alitaka kumwambia yule mama, kitu cha kweli, kuhusu mtoto. Kilichotoka kilikuwa, "Baba yetu mwingi wa neema, tumekuja tena mbele zako..." mpaka mwisho, bila kujikwaa. Mwanamke alishukuru akilia. Alisema sasa ana amani.

Clell aliitupa simu ukutani.

Juma hilohilo Burl alikuja na kusimama mlangoni bila kuvua koti. Wazee walikuwa wamekaa, alisema, wakaona ni vizuri Clell apumzike. Apumzike na ushemasi, yaani. Na arudishe funguo za kanisa, kama haidhuru. "Ni kwa muda tu. Mpaka apate nafuu."

Clell alizitoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto.

"Haya," alisema.

Burl alikaa kidogo akizitazama kiganjani, kama aliyetaka kuongeza jambo, kisha akasema barabara zimeanza kuganda, akaenda zake.

*

Kesho yake Clell alikataa kula. Orlena alidhani ni maharage, akampikia mayai. Akakataa mayai. Akamkandia biskuti, vile vimkate laini vya kwao, akaziloweka kwenye mchuzi, akapeleka kijiko mdomoni, naye akafunga meno.

"Clell, unataka kufa?"

"Siyo," alisema, na akaitikia kwa kichwa. Kichwa ndicho kilichokuwa kikisema kweli siku hizo.

Orlena aliweka bakuli chini. Alikaa kwenye kochi mkabala naye. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka juu ya lile lori kuukuu uani.

"Umemwambia Mungu hivyo?"

Clell alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha pumzi tu. Akagusa mdomo wake kwa kidole, akautikisa mkono, kuonyesha hakuna.

"Si kwa mdomo. Moyoni. Mtu anaweza kuomba moyoni."

Aliweka kiganja kifuani, kisha akakinyoosha mbele ya mkewe na kukifungua, kama mtu anayeonyesha mfuko mtupu.

"Tangu uugue?"

Akatikisa kichwa.

"Tangu zamani?" Sauti yake ilishuka. "Clell. Hata zamani? Ulipokuwa peke yako, hukuwa..."

Aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa sakafuni.

Swali lililofuata Orlena hakutaka kuliuliza. "Hata kwa Lowell?"

Lowell alikuwa mtoto wao wa kiume. Walimkuta amekufa ndani ya lori lake nyuma ya kituo cha mafuta, vidonge vimemwagika kitini. Kwenye mazishi yake Clell hakumwachia mtu mwingine kuomba. Alisimama mwenyewe kando ya kaburi, akaomba sala ambayo watu wa bonde lile bado walikuwa wakiisimulia. Kisha walirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la mwanawe, wala mezani, wala kitandani.

Clell alifumba macho, akaitikia.

Orlena alidhani atamhurumia. Kilichompanda kilikuwa hasira. "Siku ile niliyashikilia maneno yako," alisema. "Sikuwa na kingine cha kushika. Na wewe ulikuwa unasema tu?"

Aliinuka, akapita jikoni, akaingia stoo, akabamiza mlango.

Stoo ile ilikuwa chumba chembamba bila dirisha, rafu kila upande, chupa za maharage, za nyanya, za viazisukari vilivyolowekwa kwenye siki. Alianza kuingia humo juma la kilio cha Lowell, nyumba ilipojaa watu na mlango huo peke yake ndio uliokuwa na komeo. Tangu hapo aliingia kila asubuhi baada ya kahawa. Kanisani hakuwahi kuomba kwa sauti hata mara moja. Akiombwa alitikisa kichwa, watu wakamwona mwenye haya, mke mpole wa mwanamume mwenye kipaji. Aliyoyasema stoo hayakuwa mapole. Alinung'unika, alidai, aligomba, alimwuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule wa lori. Siku nyingine hakusema chochote, alikaa tu juu ya debe la unga. Hakuwahi kujibiwa kwa namna ambayo angeweza kumsimulia mtu. Lakini alikuwa akitoka humo akiwa na uwezo wa kupika chakula cha mchana, na aliyajua maisha yake vya kutosha kujua kwamba bila chumba kile asingeuweza hata upishi.

"Umemwona huyo?" alisema gizani. "Umemwona mtu uliyenipa?"

Kitu kiligonga mlango chini. Kikagonga tena. Alifungua, akamkuta Clell amejisukuma kwa mguu mmoja kutoka sebuleni, anahema, blanketi limenasa kwenye gurudumu.

"Unataka nini?"

Alinyoosha kidole ndani.

"Humu hamna kitu. Ni maharage."

"Haya," alisema Clell, akaendelea kunyoosha kidole.

Kiti hakikupita mlangoni. Alimshika kwapani, akamwinua, wakaingia kama wawili waliolewa, akamketisha kwenye debe la unga. Yeye akakaa sakafuni. Akavuta mlango. Hapakuwa na mwanga ila mstari chini ya mlango, na harufu ya siki.

Alimsikia akivuta pumzi. "Baba yetu mwingi wa neema, tumekuja tena..." Kisha sauti ya kiganja kikipiga mdomo. Alikuwa amejipiga. Akaanza tena. "Baba yetu mwi..." Akajipiga tena. Orlena aliusaka mkono wake gizani ili auzuie, halafu akauacha.

Clell alianza kulia, kilio cha mtu asiyejua kulia, chenye kukwaruza.

"Lo," alisema.

Orlena alidhani ameshtuka.

"Lo. Lo..." Alikuwa akisukuma kitu kilichokataa kutoka. "Mavi. Lo. Mavi, mavi. Lo."

Ndipo alipoelewa kwamba halikuwa neno la mshangao. Lilikuwa nusu ya jina. Alifunika uso kwa aproni. Hakumsahihisha, hakumwambia anyamaze wala asitukane mbele za Mungu. Alimwacha aseme, kwa kuwa hakuwa akisema naye.

Aliponyamaza, Orlena hakujua kama amemaliza au amechoka. Alingoja kidogo.

"Amina," alisema.

*

Siku hiyo Clell alikula biskuti nusu. Hakupona. Mkono haukurudi, maneno hayakuongezeka, na hakuna mtu wa kanisani aliyekuja kurudisha funguo. Lakini kila asubuhi baada ya kahawa aliutazama mlango wa stoo, na Orlena alimwingiza. Kuna siku alisema lile alilonalo. Kuna siku walikaa tu wakisikiliza friji ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Siku moja alijigeuza kwenye debe, akamwekea mkewe mkono kichwani na kuuacha hapo, naye Orlena hakujua kama anaombewa au anaombwa msamaha, na hakuuliza.

Kiharusi cha pili kilikuja kabla baridi haijaisha. Kilichukua "siyo" na kilichukua "haya." Hospitalini muuguzi, si yule wa kwanza, alimwambia Orlena, "Huyu mzee kila saa, Lo! Lo! Anashangaa nini?"

"Hashangai," alisema Orlena. "Mwache tu."

Alikufa asubuhi, Orlena akiwa ameshuka kununua kahawa.

Kwenye mazishi Mchungaji Kendall alisema bonde limempoteza mtu aliyeitikisa mbingu. Kisha akawasha ile video kwenye ukuta wa mbele, na Clell akaomba kwenye mazishi yake mwenyewe. "Tukikushukuru kwa kutuamsha salama, na akili zetu timamu." Watu waliitika amina. Burl alivua miwani akafuta macho. Tressa alimgeukia mama yake kwa hasira, tayari kusimama, na Orlena akamshika goti. Wale watu walikuwa wakilia kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kulia hivyo, kwa maneno hayohayo.

Makaburini Wilma alimkumbatia. "Pole, mwaya. Mwishoni alisema lolote?"

"Alikuwa anaomba."

"Ile sala yake!"

"La," alisema Orlena. Wilma alingoja aendelee, akangoja, kisha akamkumbatia tena na kwenda kutafuta gari lake.

Nyumbani Tressa alikunja mikono ya gauni akaanza kuosha vyombo vya watu. Orlena alivua viatu, akaingia stoo, akavuta mlango, akakaa kwenye debe. Alingoja. Alijaribu kugomba, hasira haikuja. Alijaribu kudai, hakukumbuka alichotaka. Chupa zilikuwa kwenye rafu zake, giza lilikuwa lilelile, na kwa mara ya kwanza chumba kilikuwa kikubwa.

"Mama?" Tressa aligonga mlango kwa vidole vyenye maji. "Mama, unafanya nini humo?"

"Niache kidogo, mwanangu. Sijamaliza."

Alikuwa hata hajaanza.